Mlima Elgon Katika Rafu Moja ya Vitabu

Mabanga, eneo la mashamba ya miwa na mahindi katika kaunti ya Bungoma, si mahali ambapo watu huenda kutafuta vitabu, kwani jina lake hutajwa zaidi kwa sababu ya kituo cha mafunzo ya wakulima kilichopo hapo, na mgeni anayeshuka kwenye matatu akiwa na daftari kwapani aghalabu huwa amefuata semina ya mbegu au ya ng'ombe wa maziwa. Hata hivyo, msomaji mwenye kiu anayeishi kati ya Mabanga na Kitale ana bahati ambayo wasomaji wengi wa miji mikubwa hawana, kwa kuwa nchi anayoikanyaga, pamoja na Mlima Elgon unaoonekana upande wa kaskazini asubuhi isiyo na mawingu, imeandikwa katika karibu kila utanzu unaojulikana: riwaya, tawasifu, wasifu, ethnografia, kitabu cha kusisimua kuhusu maradhi, kijitabu cha ukulima na hata mkataba wa amani.

Utanzu ni aina ya utungo inayotambulika kwa kanuni zake, lakini kwa msomaji wa kawaida ni vyema kuuelewa kama ahadi inayofungwa baina ya mwandishi na hadhira yake kabla ya ukurasa wa kwanza kusomwa. Mwandishi wa riwaya huahidi kwamba ataongopa kwa ustadi. Mwandishi wa tawasifu, yaani mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe, huahidi kwamba hataongopa, ingawa kumbukumbu yake ina ruhusa ya kuteleza. Naye mtaalamu wa ethnografia, yaani uchunguzi wa mila na maisha ya jamii fulani, huahidi kwamba ameyaona anayoyaeleza na kwamba hakuyapamba. Anayesoma utanzu mmoja tu huishia kuufahamu mlima mmoja, na anayeweka vitabu vya tanzu mbalimbali kwenye rafu moja, akavisoma kwa kupokezana, hugundua kwamba kila kitabu kinaeleza jambo ambalo jirani yake hakuwa na namna ya kulieleza.

Ni kawaida rafu kama hiyo kuanza na Ken Walibora, aliyezaliwa Bungoma katikati ya miaka ya 1960, akalelewa Trans Nzoia, akafariki jijini Nairobi mwezi Aprili 2020 na kurudishwa Trans Nzoia kuzikwa. Riwaya yake ya kwanza, *Siku Njema*, ilitoka mwaka 1996 na ikasomwa na vizazi kadhaa vya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya, kwa hiyo watu wengi wa umri wa makamo huko Bungoma wanamkumbuka Kongowea Mswahili kama mtu waliyesoma naye darasa moja. Kongowea ni mtoto wa Tanga, mwana wa mwimbaji maarufu wa taarabu, Zainabu Makame, ambaye baada ya kufiwa na mama na kuteswa na jamaa zake anavuka mpaka kuingia Kenya kumtafuta baba asiyemjua, na safari hiyo ndefu humfikisha pande za Kitale. Msomaji wa bara hukutana hapo na jambo la ajabu kidogo, kwani riwaya nyingi za Kiswahili alizozizoea huanza pwani na kubaki pwani, au hutoka shamba kwenda mjini, ilhali hii inachukua Kiswahili cha Tanga, pamoja na taarabu na lafudhi yake, na kukitembeza hadi kwenye baridi ya mashamba ya mahindi, mahali ambapo lugha ya nyumbani ni Kibukusu au Kisabaot.

Kuisoma upya riwaya hiyo ukubwani kunafichua pia udhaifu wake. Wahakiki huita sadfa yale matukio yanayogongana kwa bahati, bila sababu inayotokana na hadithi yenyewe, na Walibora alikuwa na mapenzi makubwa na sadfa, kiasi kwamba watu wanaotafutana katika nchi mbili hukutana kwa urahisi kuliko wanavyokutana majirani siku ya soko. Mwanafunzi wa miaka 16 haoni tatizo, maana anataka Kongowea ampate baba yake. Msomaji wa miaka 40, ambaye pengine amewahi kumtafuta mtu akamkosa, hutabasamu na kuendelea kusoma, kwa sababu ufasaha wa lugha unamlipa fidia ya kutosha.

*Kidagaa Kimemwozea*, iliyotoka mwaka 2012 na ambayo nayo ilitahiniwa katika shule za sekondari, ni kazi ya mkono uliokomaa zaidi. Wengi huikumbuka kwa Mtemi Nasaba Bora na udhalimu wake katika nchi ya kubuni ya Tomoko, na walimu hupenda kuwauliza wanafunzi kuhusu uongozi mbaya, unyakuzi wa ardhi na ukoloni mamboleo. Kinachomgusa msomaji wa vitabu, hata hivyo, ni mkasa mwingine unaopita chini chini: Amani, kijana anayejifanya mchungaji wa mifugo, amekuja Sokomoko kumtafuta mtu aliyeiba mswada wake akauchapisha kwa jina lake mwenyewe, na mwizi huyo ni Mwalimu Majisifu, mlevi mwenye sifa ya uandishi ambayo hakuitolea jasho. Riwaya inayofanya kitabu kiwe mali iliyoporwa, sawasawa na shamba lililoporwa, inasema neno zito kuhusu thamani ya maandishi katika jamii ambamo mtu akiibiwa ng'ombe kijiji kizima hutoka na virungu, lakini akiibiwa maneno huambiwa aandike mengine.

Kutoka hapo msomaji huingia katika *Nasikia Sauti ya Mama*, tawasifu ya mwandishi huyohuyo, na hapo ndipo faida ya kusoma kwa kupokezana hudhihirika. Mama aliyekufa katika *Siku Njema* ni mwimbaji wa kubuni aliyezikwa Tanga, ilhali mama wa tawasifu ni mama wa kweli, na mwandishi hana ruhusa ya kumpa sauti nzuri zaidi ya ile aliyokuwa nayo wala kumleta tena kwa sadfa. Uhuru wa riwaya na kifungo cha tawasifu huonekana vizuri zaidi vikiwekwa pamoja, kwani yale majonzi ya Kongowea yaliyoonekana ya kuchezewa mno huanza kufahamika kama njia ya mzunguko ya kusema jambo ambalo kijana wa miaka ya 1990 hakuwa bado na nguvu ya kulisema waziwazi. Hiyo ni tafsiri, na mwenye kushikilia kwamba riwaya isisomwe kwa ufunguo wa maisha ya mtungaji ana hoja yake. Lakini ni vigumu kwa aliyevisoma vitabu hivyo wiki mbili zilizofuatana kujizuia.

Sehemu ya pili ya rafu ni ya wageni. Mwaka 1925 mwanasaikolojia wa Uswisi, Carl Gustav Jung, alifika Mlima Elgon pamoja na wenzake wachache, akakaa kwa wiki kadhaa miongoni mwa watu aliowaita Waelgonyi, ambao leo hujulikana kuwa ni Wasabaot, na habari za safari hiyo akazisimulia uzeeni katika kitabu cha kumbukumbu zake, *Memories, Dreams, Reflections*, kilichoandaliwa kwa msaada wa katibu wake Aniela Jaffé na kutolewa baada ya kifo chake. Kwa msomaji wa Bungoma, kurasa hizo chache ni miongoni mwa vitu vya kushangaza zaidi vilivyowahi kuandikwa kuhusu eneo hilo, kwanza kwa sababu mazungumzo yote yalifanyika kwa Kiswahili, Jung akiwa na kamusi mkononi na wenyeji nao wakiwa wamejifunza lugha hiyo, hivyo kila upande ulikuwa unachechemea. Jung aliwauliza kuhusu ndoto zao, na laiboni mmoja, yaani kiongozi wa kiroho na mwaguzi wa jamii, akamjibu kwa masikitiko kwamba zamani wazee waliota wakajua habari za vita, maradhi na mvua, lakini tangu wazungu walipoingia hakuna aotaye tena, maana mkuu wa wilaya ndiye ajuaye kila kitu.

Jung aliyachukua maneno hayo kuwa ushahidi wa roho iliyovunjika, na pengine alikuwa sahihi. Msomaji aliyekulia katika eneo hilo, na anayejua jinsi mzee wa Kiafrika anavyoweza kumjibu mgeni mdadisi kwa kejeli laini huku uso ukiwa mkavu, hushindwa kuondoa shaka kwamba mwanasaikolojia huyo mkubwa alikuwa akifanyiwa mzaha, au angalau akifungiwa mlango kwa adabu. Utanzu wa kumbukumbu za safari haumpi laiboni nafasi ya kukanusha. Una sauti moja, ya msafiri, na msomaji hana budi kuitafuta ile nyingine katika nafasi nyeupe baina ya mistari.

Miaka michache baadaye, katika muongo wa 1930, Mjerumani Günter Wagner aliishi miongoni mwa Walogoli na Wabukusu, akakusanya habari zilizochapishwa katika juzuu mbili, ya kwanza mwaka 1949 na ya pili mwaka 1956, kwa jina la *The Bantu of North Kavirondo*. Hiki ni kitabu cha utanzu mwingine kabisa: hakuna ndoto za mwandishi wala machweo, kuna mahari, matambiko, tohara, urithi na mazishi, vimepangwa kwa mafungu kama maghala ya nafaka. Anayekisoma kwa mfululizo atachoka haraka, na si lazima akisome hivyo. Kinafaa zaidi kufunguliwa na mtu anayetaka kujua jambo moja, kama vile mtu anavyofungua kamusi. Huwafurahisha vijana wa Bungoma kugundua kwamba Wabukusu wameandikwa humo kama "Vugusu", tahajia ya mtu aliyesikia kwa sikio la ugenini akajitahidi kuwa mwaminifu kwa alichokisikia. Dhidi ya juzuu hizo ni haki kuweka kitabu cha F. E. Makila kuhusu historia ya Wabukusu, kilichotoka mwaka 1978, ambacho kilikusanya simulizi za koo kutoka kwa wazee wenyewe na ambacho, tofauti na Wagner, kinajali sana nani alitangulia kufika wapi, kwa sababu mwandishi alijua kwamba wasomaji wake wangegombana kuhusu jambo hilohilo.

Nyuma ya Makila kuna utanzu usiokuwa na karatasi hata moja. Wabukusu huwa na hotuba ya mazishi iitwayo *khuswala kumuse*, ambayo hutolewa kwa heshima ya mzee mashuhuri na mtu mwenye kipawa na idhini ya kazi hiyo, akitembea huku na huko katikati ya umati na kupitia asili ya watu tangu Mwambu na Sela, mababu wa mwanzo, hadi koo, uhamaji, vita, maonyo na aibu za siku hizo. John Wanyonyi Manguliechi alikuwa bingwa wake aliyejulikana kote Bungoma na Trans Nzoia. Anayeichukulia hotuba hiyo kama historia iliyokosa mwandishi anakosea, kwa kuwa msemaji hafuati tarehe; anaweza kumsimamisha mzee wa karne ya 18 kando ya mbunge wa leo ili wa pili aone haya, na hadhira humwelewa mara moja. Msomaji aliyetoka kwenye *kumuse* akarudi kwa Makila huhisi jinsi uandishi ulivyoipoza simulizi, na pia huona faida yake, maana kilichopozwa hakiozi upesi.

Kisha kuna kitabu ambacho watu wa eneo hilo hukifungua kwa shauku na kukifunga kwa hasira. *The Hot Zone*, kilichoandikwa na Mmarekani Richard Preston na kutolewa mwaka 1994, kinaanza katika mashamba ya miwa ya Nzoia, palepale kaunti ya Bungoma, kwa habari ya Mfaransa mmoja aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha sukari, ambaye siku ya Mwaka Mpya wa 1980 alitembelea pango la Kitum mlimani Elgon na siku chache baadaye akaugua homa kali ya kuvuja damu iliyosababishwa na kirusi cha Marburg, akafia katika hospitali ya Nairobi, huku daktari mmoja aliyemtibu akiambukizwa na kisha kupona. Kirusi hicho kilipewa jina la mji wa Ujerumani ambako kiligunduliwa mwaka 1967, baada ya wafanyakazi wa maabara kuambukizwa na tumbili walioletwa kutoka Uganda. Kisa cha pili cha Kitum, cha mvulana wa Kidenmark, kilitokea mwaka 1987, na pango hilo ambalo wenyeji walilijua kama mahali ambapo tembo huingia gizani kukwangua chumvi kwa pembe zao likageuka ghafla kuwa mdomo wa mauti katika fikra za wasomaji wa Marekani.

Preston aliandika habari za kweli kwa mbinu za riwaya ya kusisimua, yaani riwaya inayomkimbiza msomaji kutoka hofu moja hadi nyingine bila kumwachia nafasi ya kupumua, na wataalamu wa maradhi walimlaumu kwa kuzikuza dalili kuliko zinavyoonekana wodini. Lawama hiyo ni ya haki, lakini si yote aliyoyadhania yalikuwa mbali na ukweli: uchunguzi uliofuata nchini Uganda ulithibitisha kwamba popo wa matunda wanaoishi mapangoni hubeba kirusi cha Marburg, na popo aliyenaswa ndani ya Kitum mwaka 2007 alikutwa nacho. Kinachokera zaidi ni upungufu wa watu. Msomaji wa Mabanga, anayeijua harufu ya molasi na kelele za matrekta ya miwa, hutafuta katika sura hizo za kwanza wafanyakazi, wapishi, akina mama wa sokoni, majirani wa huyo Mfaransa, na anachokuta ni mandhari ya kupendeza yenye vivuli vinavyopita, kana kwamba Bungoma nzima ilikuwa pazia lililoshonwa ili tone moja la damu lionekane vizuri.

Kuhusu Elijah Masinde na Dini ya Msambwa, harakati ya kidini na kisiasa iliyopinga ukoloni na kudai kurudiwa kwa mila za mababu, maandishi ni mengi na yanaweza kupitwa haraka, ila jambo moja lafaa kuangaliwa. Mwezi Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati huko Malakisi na watu 11 wakauawa. Audrey Wipper, katika *Rural Rebels* ya mwaka 1977, anayaweka mauaji hayo ndani ya uchambuzi wa kijamii, ambamo Masinde ni mfano wa aina fulani ya kiongozi na hueleweka akilinganishwa na wenzake wa Gusii. Mwanahistoria Vincent G. Simiyu, katika wasifu, yaani habari za maisha ya mtu zilizoandikwa na mwingine, anamrudishia Masinde mwili wake, pamoja na ukaidi wake na ujana wake wa kucheza kandanda. Mwanasayansi wa jamii anahitaji mfano na mwandishi wa wasifu anahitaji mtu. Masinde, ambaye alishindana na serikali ya kikoloni na baadaye na ya uhuru, huenda asingemkubali yeyote kati yao.

Utanzu unaodharauliwa kuliko zote katika rafu hii ndio unaosomwa kuliko zote. Kijitabu cha ukulima wa mahindi, ambacho kurasa zake huwa na alama za vidole vyenye udongo, hakina mhusika wala mtindo. Kinaamuru tu kwamba mistari ipishane sentimita 75, mbolea ya kupandia isigusane na mbegu, na palizi isicheleweshwe. Hata hivyo, nyuma ya amri hizo kuna hadithi ya kidunia isiyotajwa, kwani mahindi chotara ya kwanza ya Kitale, H611, yaliyotolewa kwa wakulima mwaka 1964, yalipatikana kwa kuzalisha mbegu ya hapo Kitale na nyingine iliyoletwa kutoka Ecuador, Amerika ya Kusini. Jumba la makumbusho la Kitale nalo lina asili inayofanana na hiyo ya mchanganyiko, kwa kuwa lilitokana na makusanyo ya mlowezi Hugh Stoneham, aliyeanzisha jumba lake binafsi mwaka 1926 na kukusanya wadudu, ndege, vifaa vya wenyeji na vitabu hadi alipofariki mwaka 1966 na kuyaachia taifa. Mtu aliyeweka kipepeo na kitabu katika usia mmoja bila shaka hakuwa na wasiwasi mwingi kuhusu mipaka ya tanzu.

Kinabaki kitabu cha *Kufa Kuzikana*, riwaya ya Walibora ya mwaka 2003, ambayo inasimulia urafiki wa vijana wawili, Akida na Tim, wanaotoka katika makabila mawili yaliyofundishwa kuchukiana. Miaka mitatu baada ya kutoka kwake, Mlima Elgon uliingia katika mapigano yaliyotokana na ugawaji wa ardhi ya makazi ya Chepyuk, yakiongozwa na kundi la wapiganaji lililojiita jeshi la kulinda ardhi ya Wasabaot, hadi operesheni ya kijeshi ya mwezi Machi 2008 ilipolivunja kundi hilo na kuacha malalamiko yake yenyewe. Mwaka 2011 wawakilishi wa Wasabaot, Wabukusu, Wateso na jamii nyingine, baada ya mazungumzo marefu yaliyosimamiwa na kanisa la Free Pentecostal Fellowship in Kenya, walikubaliana masharti yanayojulikana kama Mkataba wa Amani wa Mabanga, kwa sababu mkutano ulifanyika katika kile kituo cha mafunzo ya wakulima.

Mkataba nao ni utanzu, na huenda ndio mgumu kuliko zote kuandikwa, kwa kuwa kila neno lake lina mtu aliyelikataa kwanza. Riwaya inaweza kuwapa Akida na Tim urafiki bila kuwauliza wazee wa pande zote mbili; mkataba hauruhusiwi kumpenda mtu yeyote zaidi ya mwingine, wala hauwezi kuwa na mhusika mkuu, wala kumaliza kwa sadfa. Kwa sababu hiyo hauliwazi kama riwaya, na msomaji aliyeuchukua akitarajia joto la *Kufa Kuzikana* atauona mkavu mfano wa kijitabu cha mbolea. Kituoni Mabanga, wakulima wanaendelea kuingia na daftari zao, na wengine wao hutoka pande zilezile za mlima ambazo wawakilishi wake walikaa hapo kujadiliana, nao huinama kuandika kwamba mstari na mstari iachiane sentimita 75.